Macho ya Baraka na Mlango wa Maikrowevu

Mama yangu,

Baraka sasa hivi amemvua bibi mmoja kandambili hapa kwenye benchi, akajiwekea kichwani. Bibi kacheka hadi akakohoa. Mimi ndiye sina kicheko, nimechoka. Shikamoo mama. Kamwene kwa wote hapo Makambako. Magoti yanaendeleaje na baridi hiyo? Huku Mtwara joto halitupi nafasi.

Tupo kliniki ya macho. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningelia, nawe ungelia, tusingeambiana kitu.

Yule dada wa Shangani ninayemfanyia kazi ana maikrowevu, jiko la umeme la kupashia chakula. Mlango ulilegea, ukawa unaachia na jiko linazima. Nikaukaza kwa kipande cha khanga, nikajiona fundi. Baraka naye kila nikipasha chakula yupo pale, pua kwenye kioo, anatazama sahani inavyozunguka.

Juzi kaka yake dada, mwalimu wa fizikia, alikuja kula. Alipoona khanga akaweka kijiko chini.

"Mama Baraka, hilo jiko linazima kwa makusudi."

Akanieleza kwamba zamani, majiko haya yalipoanza, wataalamu walihangaika na mionzi inayovuja mlangoni. Walijaribu kwa sungura, macho yakafanya ukungu, kwa kuwa jicho halijui kujipoza. Ndiyo maana siku hizi mlango ukiachia, jiko linazima; ukiukaza kwa khanga, linawaka huku mlango una mwanya.

"Sasa mwanangu ndiye sungura?"

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Wale walipigwa mionzi mikali sana, dada yangu. Huyu huenda hana kitu. Ila mpeleke, upate usingizi."

Khanga nimeitoa, na jiko halitumiki tena. Lakini tangu Jumapili Baraka anasugua jicho la kushoto. Labda vumbi, labda jasho. Nammulika kwa tochi ya simu mpaka amenichoka.

Msalimie baba, anywe dawa ya kikohozi, asiishie kwenye tangawizi. Msalimie shangazi anayenitunzia kuku, na mdogo wangu anayekusomea hii, asome polepole asikutishe.

Baba Baraka yuko kazini bandarini, kwa hiyo naingia peke yangu. Niombee tu. Nikimtazama usoni naona mtoto mzima kabisa, na moyo unaniambia daktari naye ataona hivyo hivyo. Nesi kaita, "Mama Baraka, ingieni," ngoja mama, nimbebe kwanza maana ameshaifuata tena kandambili ya bibi.