Maziwa ya Tomi

Jumamosi, Shume. Leo jua limetoka mapema, na ukungu uliotukalia wiki nzima umeondoka mpaka naiona misonobari kule juu. Ilipaswa kuwa siku ya kuanika nguo na kufurahi. Sina raha hata kidogo.

Shajara yangu, Tomi amekataa maziwa tena.

Tomi ni mbwa wetu. Ndiye anayefukuza kima wanaoshuka kutoka msituni kula viazi, na asipokuwa mzima shamba halina mwenyewe. Mwezi uliopita aliharisha damu, daktari wa mifugo akaja akampa antibayotiki. Damu ilikoma, lakini tumbo halikutulia. Daktari akanieleza kwamba dawa ile huua bakteria wabaya na wazuri pamoja, na wazuri ndio wanaolisaidia tumbo kusaga chakula. Akaniachia unga wa hao bakteria wazuri, niuchanganye kwenye uji uliopoa, maana uji wa moto ungewaua.

Nilicheka. Tangu shule ya msingi nafundishwa kuua vijidudu, leo naagizwa niwafuge ndani ya mbwa.

Lakini unga ulifanya kazi. Choo kikashikana, Tomi akaanza tena kubweka ovyo na kuiba soksi za mume wangu, Baba Neema, kwenye kamba. Ulipoisha nikautafuta madukani Lushoto mjini, nikaukosa. Daktari akaniambia kwa simu nijaribu maziwa mgando ya nyumbani yasiyo na sukari, vijiko vichache tu, na nikiona hali inabadilika niache.

Nikiona hali inabadilika niache. Alisema hivyo, na nilimsikia vizuri.

Kibuyu changu cha kugandishia kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo mume wangu akaniletea dumu jeupe kutoka stoo, lenye mfuniko unaobana. Alikuwa ameliosha mwenyewe kwa majivu na maji ya moto, akalianika juani. Mume akikuoshea chombo bila kuombwa humhoji, unashukuru. Huku kwetu dumu zima halitupwi. Kila nyumba ina la mafuta ya taa, la maji, la maziwa, na hakuna anayekumbuka lilinunuliwa likiwa na nini ndani.

Sikuuliza.

Maziwa yaliganda vizuri, mazito, yenye uchachu mkali. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, naye alikuwa ametoka kumaliza vidonge vya kidonda cha mguu na tumbo likawa linamsumbua. Alinisikia nikimsimulia mume wangu habari za bakteria wazuri.

"Mama Neema," akasema, "kama yanamfaa mbwa, mimi yatanidhuru nini?"

Tukacheka wote. Kuanzia hapo nikawa namwekea kikombe chake kila asubuhi kabla ya kumpa Tomi. Mwanangu Neema alionja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, hakurudia. Mama aliyapenda. Jumapili, tulipotoka kanisani, alikuwa akiwasimulia wenzake jinsi mkwe wake anavyomtibu, na mimi nikajifanya sisikii huku nikivimba kichwa.

Tomi akaanza kutokwa na udenda. Akaharisha tena. Nikajiambia bakteria hawatoshi, nikaongeza vijiko. Miguu ya nyuma ikawa inatetemeka akisimama, nikaongeza tena. Juzi aligeuza uso alipoona bakuli. Nikamkalia, nikamfungua mdomo, nikamnywesha kwa nguvu huku nikimwita mjeuri. Alinitazama, akameza.

Natamani angening'ata.

Na Mama wiki hii amekuwa akisema mate yanamjaa mdomoni. Anatoka jasho kwenye baridi hii ya Shume. Jana alipapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, akasema ukungu wa mwaka huu unaingia mpaka ndani ya nyumba. Nikamfungia dirisha. Nilidhani namjali.

Leo, Tomi alipokataa hata kuinua kichwa, nikampigia daktari.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Nikamweleza yote. Akaniambia nimtazame Tomi machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama mbegu za mchicha. Nilipomwambia, akaacha kuuliza habari za Tomi.

"Maziwa unagandishia kwenye chombo gani?"

"Kwenye dumu."

"Dumu la nini?"

Mume wangu alikuwa uani anatia mpini kwenye jembe. Nikamuuliza vilevile nilivyoulizwa, simu ikiwa mkononi. Aliliweka jembe chini polepole.

"Lilikuwa la dawa ya kupulizia kabichi," akasema. "Lakini nililiosha, Mama Neema. Nililisugua sana."

Nikafungua dumu, nikanusa. Uchachu ulitangulia, kisha chini yake ikaja harufu ninayoijua, ya shamba letu siku ya kupulizia. Imekuwepo siku zote. Mimi nilikuwa nikiiita uchachu.

Daktari alikuwa bado hewani. Akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyekunywa maziwa hayo.

Nikamtajia Mama, kikombe kizima kila asubuhi.

Mume wangu amekimbilia barabarani kutafuta gari. Daktari amesema Mama awahishwe hospitali sasa hivi, nasi tulibebe dumu walione, naye yuko njiani kuja kwa Tomi. Dumu nimelifunga ndani ya mifuko. Neema nimempeleka kwa jirani. Naandika tukisubiri gari, kwa sababu nikimkaribia Mama nitalia, naye hajui bado. Nimemwambia tunakwenda kupimwa tumbo tu. Asubuhi ya leo pia alikunywa, na kikombe nilimjazia mimi.

Nimemvalisha sweta lake la kanisani. Amekaa barazani, jua linampiga usoni moja kwa moja, wala hakunji macho. Ameniuliza dereva atazionaje kona za kushukia huko chini na ukungu wote huu.