Kazi ya Delphine

Saskatoon, Saskatchewan
Jumatatu, 13 Mei 2019

Mpendwa Shangazi Asdis,

Salamu nyingi kutoka huku nyikani. Goti lako linaendeleaje tangu theluji iyeyuke? Huko Gimli barafu ya ziwani imeshayeyuka? Mimi ni mzima wa mwili. Keki ya plamu uliyonitumia ilifika bila kumeguka, na nimeimaliza peke yangu.

Uliniuliza kwenye simu mbona sikufurahia kupata kazi chuo kikuu, nikakukwepa. Acha nikueleze.

Unajua nilivyohangaika. Miaka miwili nilituma maombi Halifax, Guelph, Edmonton, na kote walijibu kwamba wamepata mtu mwingine. Maabara ya udongo ya chuo cha hapa ilipotangaza nafasi ya mtafiti, tulibaki wawili kwenye usaili wa mwisho: mimi na Delphine Arcand, rafiki yangu niliyesoma naye. Wakamchukua yeye. Nilimkumbatia, nikampa hongera, kisha nikaenda nyumbani nikamwomba Mungu amfanye Delphine ashindwe kazi, afukuzwe, aondoke. Niliomba hivyo tangu Septemba hadi Krismasi.

Januari gari lake liliteleza kwenye barafu akienda kuchukua sampuli mashambani. Hakupona. Wiki tatu baadaye wakanipigia simu, maana jina langu ndilo lililofuata. Nikakubali, Shangazi. Hata siku moja ya kufikiri sikuomba.

Sasa nakalia kiti chake. Kila mkebe wa udongo una mwandiko wake. Mkuu wa maabara huteleza ulimi akaniita Delphine, halafu anajikohoza. Kuna asubuhi nasikia mtu akivua mabuti nyuma yangu. Nikigeuka, simwoni mtu.

Mwezi uliopita mama yake Delphine alikuja kuchukua vitu vyake.

"Wewe ndiye Thora? Alikuwa akikutaja sana. Alisema kazi hii ungeiweza kuliko yeye."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yote niliyoyaomba.

Aliendelea kukunja sweta ya mwanawe polepole. "Si wewe uliyeweka barafu barabarani, mwanangu. Lakini kukusamehe leo siwezi. Usinilazimishe."

"Sikulazimishi, mama."

"Kazi yake uimalize. Na jina lake liwe la kwanza."

Ripoti ya utafiti wake niliipeleka Ijumaa, jina lake juu, langu chini. Jana mchana simu ikalia, kumbe ni mama yake. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado.

"Basi kale," akasema, akakata.

Nilipasha supu, nikaketi nikala mpaka ikaisha.

Nisalimie Freyja na wanawe, na Babu Einar umwambie namkumbuka. Mungu akupe usingizi mwema na miguu yenye nguvu.

Akupendaye siku zote, binti wa kaka yako,
Thora