Vani Yetu Imeenda Ruracio

Nisreen, usinipigie. Nalia siwezi kuongea.

Si unajua ile vani yangu na Mungai, ya kulala ndani tukizunguka milimani na baiskeli? Leo nimeipelekea mapazia kwao Kinoo. Nikapata baiskeli yangu imetupwa kando ya zizi. Kwa kitanda tulichopigilia sisi wenyewe kumejaa kreti za soda, mablanketi, unga. Mbuzi ndani ya vani, Nisreen!

Nikajua wanapeleka mahari. Ruracio. YANGU! Mungai ananishtukiza! Nikampigia Mama hapo hapo: "Pika, wageni wanakuja!" Halafu nikapiga vigelegele. Mimi. Peke yangu.

Mamake Mungai akanikumbatia. "Wewe ndiye yule rafiki wa baiskeli? Asante kwa gari. Panda, twende Karen ukamwone bibi arusi wa Mungai wetu."

Bibi arusi. Karen. Na kwetu ni Mountain View.

Mungai alikuwa anafunga mbuzi kamba. Hakuinua kichwa. Hata mara moja.

Wameenda. Niko kando ya barabara na mapazia.

Mama amepiga sasa hivi. Ameita majirani wote, chapati zimeiva, anauliza wageni wamefika wapi.