Katibu wa Muda

Jumatatu, 3 Machi

Nimelituma. Tangazo la nafasi ya katibu wa chama cha walimu wa lugha — kurasa tano! Nilibonyeza wakati wa mapumziko ya saa nne, likaenda kwenye kundi la WhatsApp la chama, kisha nikakaa chumba cha walimu simu mkononi. Chai ikapoa. Wamelisoma karibu wote, naona alama. Hakuna aliyejibu neno, isipokuwa bwana mmoja aliyenisahihishia koma ukurasa wa tatu.

Maelekezo niliyaweka mwishoni: anayetaka kazi hii anipigie mimi, nimweleze ilivyo.

Kazi hii nilipewa "kwa muda tu", katibu wa wakati ule alipokwenda kujifungua. Mtoto wake sasa yuko darasa la kwanza. Anajua kusoma, namwona njiani na begi lake, na mimi bado nimeshikilia kwa muda.

Safari hii naachia. Mkutano mkuu ni tarehe 22, nikishakabidhi tu namfuata Baba Pacha. Alihamishwa kikazi mwaka jana, yeye ni mpima ardhi, wakisema nenda anakwenda. Pacha wetu wako chuoni, hapa nimebaki mimi na wifi yangu, yaani mdogo wake Baba Pacha, na cherehani yake. Mkuu wa shule ya kule yuko tayari kunipokea. Nilimwambia Baba Pacha: mkutano ukiisha, nakuja. Ila maneno hayo hayo nilimwambia kabla ya mkutano wa mwaka jana.

Jumatano, 5 Machi

Wa kwanza amepiga! Kijana wa shule ya ng'ambo ya barabara, anafundisha Kiarabu, sauti ya upole. Akauliza kazi yenyewe ikoje.

Nikamweleza. Niliona ni haki mtu ajue anachoingia. Kuandika kumbukumbu za mikutano, kutafuta ukumbi, kuwabembeleza watoa mada, kuwatafuta tena wakiingia mitini siku moja kabla. Beji. Jarida. Ugomvi wa nani aanze kusoma mada yake na nani amalizie wakati watu wamechoka. Simu za alfajiri za wanachama waliosahau tarehe. Nikampa na mfano wa bingwa mmoja aliyeninunia miaka miwili kwa sababu picha yake jaridani ilitoka ndogo.

Akanishukuru sana. Akasema atashauriana na mkewe. Basi, huyo kaenda.

Wifi alikuwa pale pale sebuleni anashona sare za shule, sikio lote kwangu. Akasema kama yeye angewasifia wateja nguo zake hivyo, tungekuwa tunatembea uchi na njaa juu yake. Nikamwambia aendelee na mapindo yake.

Ijumaa, 7 Machi

Kamati tendaji, maktaba ya shule yetu, baada ya vipindi. Saa nzima tumepitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Saa nzima! Walimu wa lugha tisa, kila mmoja na kalamu nyekundu mfukoni. Sentensi iliyosahihishwa na wa kwanza inarudishwa ilivyokuwa na wa nne.

Kisha nafasi ya mhariri wa jarida. Wazi tangu mwaka jana.

Mwenyekiti wetu ni mkuu wa shule mstaafu, mzito wa mwili na wa sauti. Hana tabia ya kumbembeleza mtu. Anaitaja nafasi, anavua miwani, ananyamaza. Ananyamaza kabisa. Watu wanatazama viatu. Feni inazunguka. Mtu akijikuna, wote tunamgeukia. Chama hiki sijaona kikipiga kura hata siku moja. Anayeshindwa kuvumilia kimya ndiye kiongozi.

Na sisi ndivyo tulivyo, kazi imetuharibu. Miaka yote unauliza swali darasani, watoto kimya, dakika inapita, mwishowe unajijibu mwenyewe. Mwalimu hawezi kuliacha swali likae hewani. Mwenyekiti anatujua.

Leo ameshindwa mweka hazina. Alifungua mdomo, nadhani alitaka kuomba dirisha lifunguliwe, akajikuta anasema, "Basi, nitajaribu." Sasa ana vyeo viwili. Alitoka amekunja uso, hakuaga mtu.

Mlangoni Mwenyekiti akanishika bega. Akasema asipopatikana mtu wa ukatibu, nitawashikilia kidogo. Nikacheka. Kwa nini nilicheka? Neno lenyewe ni fupi, hapana, nalifundisha kidato cha kwanza. Nimetembea mpaka nyumbani nikilisema peke yangu njiani.

Jumapili, 9 Machi

Baba Pacha amepiga asubuhi, mapema kuliko kawaida yake.

Mwenye nyumba wa kule anataka jibu mwisho wa mwezi. Ana mpangaji mwingine mwenye familia. Ama Baba Pacha aichukue nyumba yote kwa mkataba, ama ahamie chumba kimoja uani. Hakupandisha sauti, yeye huwa hapandishi. Aliuliza tu, "Mama Pacha, nichukue kipi?"

Nikasema nyumba, bila shaka nyumba, kwani vipi.

Akasema sawa, ila kwa mwenye nyumba hatatia sahihi kabla hajaniona nimefunga mzigo. Kwamba amechoka kufagia vyumba ambavyo hakuna anayeviingia. Na kwamba akihamia chumba kimoja, nisije nikaona ajabu, atakuwa ameshanielewa.

Ameshanielewa. Nimelizungusha neno hilo kichwani kutwa. Nimeanza kusahihisha insha, nimeacha. Nimefua pazia ambazo hazikuwa chafu.

Jumanne, 11 Machi

Wa pili. Mama mmoja wa shule ya wasichana, mwenye kujiamini, anazungumza kama anasoma taarifa ya habari. Nikajisemea, huyu huyu. Nikaanza vizuri, kazi si ngumu, watu ni wazuri. Mara nikajikuta nimefika kwenye watoa mada, mara beji, mara yule bingwa wa picha ndogo. Ulimi ulikuwa unateremka wenyewe. Mwisho akasema kwa adabu kwamba anaona nafasi hii imempata mtu wake zamani.

Wifi akasimamisha cherehani. "Wifi, wewe hutafuti katibu. Unatafuta mtu wa kukuonea huruma."

Damu ilinichemka. Nikamwambia hajui lolote kuhusu chama, hajawahi kukaa hata kikao kimoja. Akasema vikao hajakaa, lakini kaka yake anamjua, na kaka yake anakula chakula cha jioni amesimama jikoni kwa sababu kukaa mezani peke yake hawezi.

Hatukusemeshana mpaka kulala. Ana haki. Inaniuma kuandika hivyo, lakini ana haki. Nawafukuza mimi. Nasema nataka kutoka, na kila anayekuja kunifungulia mlango namtisha akimbie.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja mwingine, huyu hakupiga simu, alikuja mwenyewe. Tunamwita Mfaransa kwa sababu anafundisha Kifaransa, ingawa hajapanda ndege maishani mwake. Binti mwembamba, mwepesi, hana hata miaka thelathini. Akaomba kurasa tano zile, akazisoma zote mbele yangu, akauliza kama nina kalamu.

Akakata beji. Akakata barua za mwaliko za karatasi. Kumbukumbu za mikutano, akasema, ukurasa mmoja, maamuzi tu, anayetaka kusahihisha sentensi akasahihishe kwake. Zimebaki kama kurasa mbili.

Nikamwambia na simu za alfajiri. Akasema, "Dada, simu yangu nazima saa mbili usiku, naiwasha nikishaoga." Hivyo tu. Miaka sita sikujua kwamba simu inazimika.

Nilipaswa kufurahi. Niliumia. Nilikuwa natazama mistari ile aliyokata — Jumamosi zangu zile, likizo zangu. Kumbe vitu hivyo havikuhitajika? Au vilihitajika kwa sababu nilivifanya mimi? Nikamwongezea chai ili nisionekane uso.

Mlangoni akaniuliza, mimi nitafanya nini nikishaachia. Nikasema nahamia kwa mume wangu. Akanipa mkono na kuniambia hongera, kama bibi harusi. Wifi alicheka mpaka akajichoma sindano.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia Baba Pacha. Nimemwambia achukue nyumba.

Akauliza kama nimepata mtu. Nikamwambia nimempata. Baba Pacha anakuja Jumamosi na pikapu ya kuazima, mkutano ukiisha tunaondoka na mizigo moja kwa moja. Alianza kunieleza dirisha la jikoni linatazama upande gani na meza yangu ya kusahihishia itakaa wapi. Ameshaipima. Nafasi ya kiti pia.

Jioni akapiga Mwenyekiti. Ana wasiwasi na Mfaransa, mtoto mno, ana haraka. Akauliza kama siwezi kukaa naye mwaka mmoja, nimwelekeze. Nikasema hapana. Nimesema! Nilikata simu nikaenda kuosha vikombe vyote, hata vile vya kabatini ambavyo hatuvitumii.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemfanya Mfaransa msimamizi wa kundi la chama. Kabla sijafika nyumbani alikuwa ameshatuma ratiba ya mkutano, fupi, imeeleweka. Madole gumba kibao. Mwenyekiti naye kaweka lake.

Jioni nimekaa na simu. Hakuna aliyepiga kuuliza ukumbi uko wapi, hakuna aliyeuliza saa. Nikachukua simu ya wifi nikajipigia, nione kama yangu inafanya kazi. Inafanya.

Mizigo imefungwa. Sijui nikae wapi humu ndani, viti vyote vina maboksi. Natoka, narudi. Wifi amesema nikipita tena mbele ya cherehani yake atanishona kwenye sare.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa ukumbini. Safu ya nyuma, karibu na dirisha. Sijawahi kukaa safu ya nyuma, huku watu wanakula karanga na kusinzia, kumbe. Kumbukumbu anaandika mtu mwingine. Mikono yangu ilikosa kazi ikaanza kung'oa uzi wa sketi, ndipo nikatoa daftari hili. Ukinitazama kwa mbali, naandika kikao.

Baba Pacha yuko nje. Namwona. Pikapu ipo kivulini pembeni ya ukuta, kitanda juu, maboksi, meza yangu miguu juu. Amekaza kamba, ameilegeza, ameikaza tena. Amevaa shati lake la kwenda kuonana na watu. Asubuhi alipofika alinishika mkono pale uani muda mrefu, mbele ya wifi, jambo ambalo si tabia yake. Ana kalamu ya mkataba mfukoni, kaniambia. Mwenye nyumba anamsubiri kesho mchana.

Mfaransa amepita. Mwenyekiti alitaja nafasi ya katibu, mkono ukaenda kwenye miwani, na kabla hajaivua binti yule alikuwa ameshasimama! Ukumbi ukacheka. Nikaitwa mbele, makofi, maneno mazuri, mweka hazina akasema mimi ni nguzo. Nikarudi kwenye kiti miguu myepesi. Imekwisha. Nimewaza hivyo kabisa, imekwisha, nikaanza kutafuta kiatu nilichokivua chini ya kiti.

Nilitaka kutoka pale pale. Lakini si adabu kutoka kabla ya kufunga mkutano, na kulikuwa kumebaki mengineyo tu.

Kwenye mengineyo amesimama makamu mwenyekiti. Shule yake imempa kazi ya mwalimu wa taaluma, muda hana tena, anaomba radhi, anaachia leo. Hakuna aliyejua. Hata mimi sikujua, na mimi ndiye niliyekuwa najua kila kitu humu.

Mwenyekiti amesema, "Nafasi ya makamu." Amevua miwani.

Ananyamaza.

Kuna watu sitini humu. Wote wanatazama viatu. Mfaransa ameshika kalamu, anangoja jina, hanitazami, mtoto mwema. Mwenyekiti naye hanitazami, anatazama dari. Makamu hana kazi kubwa. Anakaa tu pale mbele. Mikutano michache kwa mwaka, mtu anaweza kuja na basi kutoka mbali akarudi kesho yake. Ona sasa ninavyoandika.

Nje injini imewashwa. Imezimwa. Amefungua mlango wa upande wangu, anafuta kiti kwa kitambaa chake cha mfukoni.

Mbona hakuna anayesema? Mtu aseme basi, yeyote. Hata akohoe. Wamekaa tu, mweka hazina kafumba macho kabisa. Sitini! Watu wazima, wana digrii zao. Siwezi kusikiliza hili. Nitaendelea kuandika, nisiinue kichwa, niandike mpaka mtu mwingine ashindwe. Mkono wa kulia huu hapa, unaandika. Wa kushoto ndio ulioshikilia daftari lisianguke.

Daftari limeanza kuteleza, mkono wa kushoto umeliachia.