Chapati Ndani ya Gambuti

Nimisha beshte yangu, nimeshikwa!! Mathe amepata chapati saba ndani ya gambuti zangu za mvua.

SABA. Zingine zimeota ukungu.

Si unajua tangu korona ifunge shule nimekuwa nikimdanganya nakulia kwa room juu ya online class?

Nilijua ni kichapo. Akauliza tu, "Njambi, tangu lini?" Nikasema tangu Machi. Akaketi sakafuni. Mathe wetu, mama mkali vile, sakafuni!

Nikamwambia ukweli, nikila najiona mnono, nisipokula najiona nimeshinda.

Akasema, "Na vile nimekuwa nikikusifu umekonda vizuri." Akalia, bana.

Kesho ananipeleka kwa daktari Thika. Saa hii tunagawana ndizi. Nimemwambia aache kuniangalia kama refa nikitafuna. Amekataa.