Nyota Kumi na Mbili za Leso za Mama

Jumatatu, 10 Novemba

...na sijui nilikuwa naishi vipi kabla ya Issa! Siku arubaini na moja za ndoa, na bado anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe ili nimfungulie. Nayeyuka mie!

Leso sita za mama zimefika kutoka Majoreni. Anataka nizishone shuka la nyota la kitanda chetu — alione kabla jicho la kulia halijazima. La kushoto limeshakwenda. Presho ya macho. Daktari amesema hata hili halina muda.

Nashona juu ya karatasi. Kalekye, fundi wa Ukunda, amenichorea nyota na kuzitia namba: kitambaa chini, karatasi juu, unapitisha cherehani kwenye mstari, unakunjua kitambaa, pasi, kisha kipande cha pili. Mishono iwe karibu karibu, mwisho karatasi ichanike kama stempu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekata zote! Pembetatu tisini na sita, sawasawa na mchoro, hakikubaki hata kipande cha kutupa. Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Issa amenibusu vidole, kimoja kimoja.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeharibu.

Nikikunjua kipande, hakifiki kwenye mstari. Kinaacha mwanya. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu. Nikampelekea Kalekye, akashika kichwa.

"Haki bibi harusi, mapenzi yamekupofusha? Kila upande unaacha upana wa kidole, mshono ushike!"

Nikamwambia kwetu kitambaa hakipotezwi.

"Sasa si umepoteza zote," akasema. Halafu akajuta, akanimiminia chai.

Jumatatu, 17 Novemba

Kalekye amepunguza mchoro. Nyota ndogo, kama kiganja cha mtoto — vipande vitatosha. Nimeshona moja. Nzuri mno! Nikaitundika ukutani, nikarudi nyuma hatua nne, nikafumba jicho moja, la pili nikalibana nusu, nione kama aonavyo mama.

Sikuona nyota. Niliona doa.

Issa anasema tununue leso mpya, mama hatajua. Mpenzi wangu! Mama ajua kila leso aliivaa siku gani na alimbebea nani mgongoni. Nimelia kifuani pake mpaka shati likalowa. Lanukia sabuni ya hotelini, anakofanya kazi ya kufua. Hata kulia mikononi mwake ni raha, lakini shuka halipo.

Alhamisi, 20 Novemba

Dada Hasina amepiga simu kutoka nyumbani. Jana mama alimimina uji nje ya kikombe, akacheka, eti meza nayo ina njaa. Hakuna aliyecheka naye.

Kisha akampa mama simu.

"Mwanangu, hizo nyota ni kubwa?"

Issa alikuwa amenishika mkono.

"Kubwa, mama."

"Niletee basi, hata kama hazijaisha. Uje mchana, kukiwa na jua."

Nikasema nitakuja. Mimi na Issa, inshallah, kabla mwezi haujaisha — tutakuja na shuka.