Cheni Niliyoipaka Alizeti

Ijumaa, mwezi wa saba. Upepo tu.

Upepo wa leo umeamka kabla yetu. Umeng'oa bati la choo cha jirani, umetia vumbi mpaka kwenye sufuria la maharage. Hapa Sumbawanga mwezi wa saba tumeuzoea, unajifunga khanga juu ya sweta na maisha yanaendelea. Lakini leo nimetetemeka hata nilipokaa karibu na jiko, na haikuwa baridi.

Naogopa kuliandika hili. Naliandika hivyo hivyo. Mpwa wangu anayenichapia kwenye mtandao nimemwambia usinipunguzie, usiniongezee.

Leo nusura nimuue mwanangu.

Skola ni binti yangu wa pili, ndiye niliyebaki naye nyumbani tangu baba yao afariki. Ni bibi shamba. Kazi yake iko chini bondeni, vijiji vya upande wa Muze, kuwaelekeza watu wa mpunga na ufuta, wengine Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anashuka, jioni anapanda kurudi. Kwa pikipiki yake mwenyewe. Wanaume wa mtaani wanamtania, "Bibi shamba, huyo farasi wako anakula nini?" Naye anawajibu, "Anakula wanaume wasiolima." Wanacheka wote. Mimi sicheki, mimi nauona ule mteremko.

Asiyeujua aelewe hivi. Huku juu kwetu ni tambarare, nyasi na upepo, unaweza kutembea siku nzima usione bonde la maana. Halafu nchi inakatika. Inakatika tu. Barabara inateremka kwa kona, mkono mmoja mwamba, mkono mwingine hewa. Nimeshuka mara moja maishani, ndani ya lori, nimefumba macho mwanzo mpaka mwisho.

Zamani pikipiki ilikuwa ya padri na ya mabwana wakubwa. Siku hizi biashara imefunguliwa, za Kichina zimejaa kama kumbikumbi baada ya mvua, kila kijana anayo na kila wiki tunasikia fulani kavunjika. Kila nikisikia, namuona wangu.

Mimi sikusoma, niliishia darasa la nne. Injini siijui. Ila cheni naijua, kwa sababu cheni inaonekana.

Ndiyo maana niliichukua kazi hiyo. Jioni kabla ya safari naisimamisha pikipiki uani kwenye stendi yake ya katikati, injini imezimwa, maana Skola alinionya kwamba ikiwa inawaka cheni inakula vidole. Natandika gunia chini. Nachovya mswaki wa zamani kwenye mafuta ya taa, nasugua kipande kimoja kimoja, nafuta kwa tambara, nazungusha gurudumu taratibu, nasugua tena. Kila kipande Salamu Maria moja. Cheni ikimaliza mzunguko nimemaliza rozari mbili na baki kidogo. Skola hajui habari za Salamu Maria. Anajua mama anasafisha cheni.

Ikikauka, unapaka mafuta. Hapo ndipo nilipoharibu.

Skola aliniletea chupa ya oili chafu kutoka kwa fundi, ile inayomwagwa injini ikibadilishwa oili. Nyeusi kama masizi, inanuka moshi. Wiki tatu zilizopita ikaisha. Sikwenda kuomba nyingine. Si uvivu, wala si kusahau. Niliona vibaya. Mtoto ananiaga asubuhi kanyoosha nguo, kapaka mafuta usoni, halafu mimi mama yake nimpakie chini yake taka za injini za watu? Na ndani nina dumu la alizeti, ya shamba letu la Kasense, tuliyokamua kwenye mashine mpya ya mfanyabiashara mmoja wa Mbeya. Safi, rangi ya asali. Marehemu mama yangu alikuwa akipaka bawaba za mlango mafuta ya nyonyo, na mlango ule haukulia mpaka anakufa. Nikajiambia, kinachoweza kuliwa hakiwezi kudhuru chuma.

Nikapaka alizeti, wiki tatu, na sikumwambia.

Jumatano alirudi akasema cheni inakakamaa, inaruka, inagonga. Akasema, "Vitu vya Mchina hivi. Kesho kutwa nikirudi, Jumamosi naipeleka kwa fundi." Mimi nikaona ni ukavu. Jana jioni nikaongeza alizeti, nikaimwagia kwa ukarimu kabisa, kama ninayeunga mboga ya wageni.

Leo saa kumi na mbili na nusu akaondoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Ile cheni niliisikia, ka, ka, ka, mpaka akakata kona.

Nilishindwa kukaa. Saa tatu nikaenda kwa fundi Ambakisye, ana kibanda karibu na soko, nimwambie tu kesho amtazamie binti yangu ile cheni mapema. Alikuwa amepiga magoti chini ya pikipiki ya mtu.

"Shikamoo mama Skola."

"Marahaba baba. Cheni ya mwenzako Skola inakakamaa."

"Mnaipaka nini siku hizi? Hamjaja kuchukua oili chafu muda."

Nikamwambia, tena kwa kujivuna, Mungu anisamehe. Alizeti yangu mwenyewe, haina hata takataka moja.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, sasa wewe unaendesha pikipiki au unakaanga vitumbua?" Na yule mwenye pikipiki naye akacheka. Nikacheka na mimi kidogo, kwa aibu. Halafu Ambakisye akaacha kucheka. Akauliza, "Yuko wapi sasa hivi?"

"Ameshuka Muze."

Akafuta viganja kwenye suruali. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Kwamba alizeti haibaki kuwa mafuta. Inakauka, inakuwa ulimbo. Vumbi letu hili la kiangazi linanasa humo, vipande vya cheni vinashikana, havijikunji tena. Cheni ya namna hiyo inaweza kutoka kwenye meno. Tambarare utasimama, utacheka, utairudisha. Kwenye mteremko ikitoka, injini haikushikii tena, umebaki na breki. Na ikijizungushia kwenye gurudumu, gurudumu linafunga pale pale.

Sikumuuliza likifunga inakuwaje.

Nikapiga simu. Yule dada wa mtandao akaniambia ninayempigia hapatikani. Nikapiga tena. Dada yule yule, sauti ile ile tamu, kama hakuna kitu kilichotokea duniani. Nilipiga mara nyingi mpaka Ambakisye akanichukulia simu, akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa sweta yangu.

Akasema twende tukaulize malori ya mpunga, yale ya kutoka bondeni yanafika saa hizo. Nilimfuata. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilikuwa naongea na marehemu mume wangu moyoni, namwambia usinilaumu, au nilaumu lakini mrudishe.

Lori moja lilikuwa linashusha magunia. Utingo wake, kijana mweupe kwa vumbi kutoka nywele mpaka nyusi, akasema ndiyo, wamempita mwanamke na pikipiki, kona ya pili kutoka juu. Pikipiki imelala.

"Na yeye?" nikauliza. "Amelala?"

"Amekaa juu ya jiwe, mama."

"Umemuona vizuri? Anapumua?"

"Katupungia mkono. Wafu hawapungi mkono."

"Na hamkusimama?"

Akaona aibu. Akasema lori lenye mzigo likisimama pale kwenye mpando haliondoki tena, linarudi nyuma na wote waliomo. Najua ni kweli. Lakini pale pale nilimchukia, nikamchukia na dereva, na mpunga wao.

Ambakisye hakungoja. Akafunga kibanda, akachukua spana na cheni mpya aliyokuwa ameitundika ukutani, akawasha pikipiki yake. Kabla hajaondoka nikamshika mkono, nikamwambia, "Usimwambie." Sijui kwa nini hilo ndilo lilinitoka. Mwanangu yuko juu ya jiwe pembeni ya shimo, na mimi naomba aibu yangu ifichwe.

Akanitazama. "Simwambii, mama. Hilo ni lako."

Kuanzia saa nne mpaka saa tisa nilikaa mlangoni. Sikupika. Mama Joni wa nyumba ya pili akaja kukaa nami, akaleta viazi, akasema mengi ya kunifariji, ila kila neno lake lilikuwa na marehemu ndani. Fulani wa Mwazye naye alianguka hivi hivi. Fulani alionekana mzima, kumbe ndani damu. Nilitamani kumwambia nyamaza. Nikala kiazi kimoja ili anyamaze.

Wakaja. Ambakisye mbele, na nyuma yake Skola juu ya pikipiki yake mwenyewe, polepole, haigongi. Suruali imechanika goti, kiwiko kimechubuka chote, shavu moja limejaa mchanga. Mzima. Nilimpapasa kichwa, mabega, mbavu, mpaka akasema, "Mama, mimi siyo nguruwe wa mnada."

Akasimulia akiwa amesimama. Cheni iliruka kwenye kona, gurudumu la nyuma likafunga, pikipiki ikateleza. Ikateleza kuelekea mwambani. Alilisema hilo haraka, kisha akanywa maji. Hakusema upande wa pili ulikuwa umbali gani. Nami sikuuliza.

"Vitu vya Mchina hivi," akamalizia.

"Kabisa," akasema Mama Joni. "Vya kutuua hivi."

Ambakisye akainama, akawa anakaza nati ambayo nadhani ilikuwa imekazwa zamani.

Hapo, wapenzi, ningeweza kunyamaza. Nakiri hapa. Mchina yuko mbali, hawezi kuja Sumbawanga kujitetea. Fundi ameahidi. Ningemkanda mwanangu kwa maji ya moto, ningemfunga kiwiko, na Jumapili ningekwenda kanisani kama watu wengine. Nilifungua mdomo niseme, "Kweli, vitu vya Mchina." Kikatoka kingine.

"Ni mimi. Wiki tatu nimekuwa naipaka alizeti. Oili chafu niliionea kinyaa."

Mama Joni akasema anakwenda kutazama moto wake.

Skola akaiendea pikipiki. Akaifungua ile cheni ya zamani iliyokuwa imefungwa nyuma kwa kamba, akaishika, haikulala mkononi, ilisimama kama fimbo yenye vifundo. Akainusa. Akasema, "Na mimi najiuliza kwa nini mbwa wa Muze wananikimbilia kila siku."

Ambakisye akacheka. Skola hakucheka. Na mimi nikaanza kulia, vibaya, kama mtoto. Akanikumbatia na mchanga wake wote. Akanipigapiga mgongo. Halafu akasema sikioni kwangu, kwa upole kabisa, na heri angenifokea, "Mama, kuanzia leo cheni nasafisha mwenyewe."

Nikasema sawa.

Ni haki yake. Hata ningekuwa mimi ningesema hivyo. Nimemuosha, nimemfunga kiwiko, amekula, amelala mapema na anakoroma kama baba yake. Nimekwenda mara nne kusikiliza kama anakoroma.

Kuna jambo sikuweza kumwambia, nalisema hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni. Ile kazi haikuwa ya pikipiki. Ilikuwa ya kwangu. Kuna usiku nimelala kwa sababu tu nilijua kila kipande nimekipitia. Nilidhani nikisugua sana, ule mteremko unapungua. Haukupungua hata hatua moja. Mimi ndiye niliyeuongeza.

Jumatatu anashuka tena. Ameshasema. Wakulima wanamngoja, na Ambakisye amethibitisha cheni mpya haina neno. Jumapili jioni atakuwa uani, kwenye gunia lake, na mswaki wake, anafanya vizuri kuliko mimi.

Mimi saa hiyo nitafanya nini?